Makanisa ya kale ya Ulaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ujenzi na historia yake

Kanisa kuu, abasia, basilika: tofauti yake nini?

Ukubwa si kipimo. Kanisa kuu ni lile lenye kiti cha askofu wa jimbo, hata likiwa dogo. Ndiyo maana kanisa la Mtakatifu Petro pale Vatikano, pamoja na ukubwa wake wote, si kanisa kuu la Roma. Cheo hicho ni cha San Giovanni in Laterano. Na mnara wa Ulm, Ujerumani, wenye urefu wa mita 161.5, ni wa kanisa la parokia lililojengwa kwa fedha za wenyeji wa mji. Halijapata kuwa na askofu hata siku moja. Abasia ni kanisa la watawa.

Neno basilika hutumika kwa namna mbili ambazo watu huzichanganya. Kwa Wakatoliki ni cheo anachotoa Papa. Kwa wajenzi ni umbo: ukumbi mrefu wenye safu mbili za nguzo au zaidi, sehemu ya kati ikiwa juu kuliko za kando ili mwanga uingie kupitia madirisha ya juu.

Kwa nini makanisa ya kwanza yalifuata umbo la kumbi za Warumi, si mahekalu yao?

Kwa sababu ya ibada yenyewe. Katika hekalu la Kirumi sadaka ilitolewa nje, mbele ya jengo, na chumba cha ndani kilikuwa cha sanamu ya mungu. Wakristo walitaka umati wote uwe ndani, usikie masomo na uone altare. Baada ya mwaka 313, Kaisari Konstantino alipowaruhusu kuabudu hadharani, jengo la Kirumi lililokuwa tayari kwa kazi hiyo lilikuwa basilika, ukumbi wa mahakama na biashara.

Anayetaka kuliona umbo hilo likiwa karibu jinsi lilivyokuwa aende Santa Sabina, Roma, lililojengwa kati ya mwaka 422 na 432. Lina nguzo 24 za marumaru zilizotolewa katika jengo la zamani zaidi, na paa la mbao. Hebu tazama kuta zake: ni nyembamba. Paa la mbao hukandamiza kuelekea chini tu, halisukumi ukuta nje. Karibu kila tatizo utakalolisoma hapa chini lilianza siku wajenzi walipotaka dari la mawe.

Kuba la Hagia Sophia, Istanbul, lilikaaje juu ya chumba cha mraba?

Kwa kujaza pembe nne za mraba kwa vipande vya matofali vilivyopinda, kila kimoja kikianza na ncha chini na kupanuka juu, mpaka vinne vikutane na kufanya duara. Kuba hukaa juu ya duara hilo, na uzito wake huteremka kwenye nguzo nne kubwa. Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus walilimaliza jengo lote, kati ya mwaka 532 na 537, na kasi hiyo ndiyo iliyowaponza. Tabaka za mota zilikuwa nene na hazikupewa muda wa kukauka. Nguzo zikaegemea nje kuba likiwa bado changa. Matetemeko yalipokuja, kuba likaanguka mwaka 558.

Isidore mdogo, mpwa wa yule wa kwanza, alijenga jingine lililoinuka zaidi, likakamilika mwaka 562. Kuba lililobapa husukuma sana pembeni. Lililosimama hupeleka uzito chini. Hata hilo lilipoteza vipande katika karne ya 10 na ya 14, kila mara likaunganishwa upya, kwa hiyo duara la leo, lenye upana wa takriban mita 31, si duara kamili. Jengo lenyewe limekuwa kanisa, kisha msikiti kuanzia 1453, makumbusho katika karne ya 20, na msikiti tena tangu 2020.

Nitatofautishaje mitindo ya Kiromaneski na Kigothiki kwa macho?

Wengi hufundishwa kwamba tao la duara ni Kiromaneski na tao lenye ncha ni Kigothiki. Ni mwanzo mzuri, lakini utakudanganya pale Durham, Uingereza. Jengo lile lilianza mwaka 1093, nguzo zake ni nene kama za ngome, kila kitu ni Kiromaneski, na bado juu ya ukumbi mkuu kuna matao yenye ncha na mbavu za mawe.

Usianze na tao, anza na ukuta. Simama ndani ujiulize ni nini kinachobeba dari. Kama ni ukuta wenyewe, mnene, wenye madirisha madogo, uko katika Kiromaneski; Speyer, Ujerumani, lililowekwa wakfu mwaka 1061, ni mfano wake mkubwa. Kama ukuta umegeuka kioo na uzito unashuka kwenye nguzo nyembamba zilizofungwa pamoja kama matita, uko katika Kigothiki. Mwaka 1144, upande wa altare wa Saint-Denis, nje kidogo ya Paris, ulipowekwa wakfu chini ya Abate Suger, ndipo vipande hivyo vyote vilipoonekana pamoja kwa mara ya kwanza.

Kisha tafuta mishono. Ni nadra kanisa la kale kuwa la wakati mmoja. Rangi ya jiwe hubadilika ghafla, mstari wa nakshi hukatika, madirisha ya upande mmoja hayalingani na ya upande wa pili. Kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, lina minara miwili isiyofanana: wa kusini, mita 105, ni wa karne ya 12, ncha ya ule wa kaskazini, mita 113, iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 16 baada ya ile ya mbao kuungua.

Ile mikono ya mawe iliyoko nje ina kazi gani?

Hiyo ni miega ya tao, na bila hiyo jengo lisingesimama. Tao la mawe halitulii. Kila jiwe linataka kushuka, na likishuka husukuma majirani zake pembeni. Msukumo huo hufika juu ya ukuta na kutaka kuupindua nje. Mjenzi wa Kiromaneski aliuzuia kwa unene. Yule wa Kigothiki aliweka nguzo nzito nje kabisa ya jengo, kisha akarusha tao kutoka nguzo hiyo mpaka sehemu ile ile ya ukuta inayosukumwa. Vimnara vidogo vilivyo juu ya nguzo hizo si pambo tu: uzito wake huelekeza msukumo chini, usiipindue nguzo.

Tao lenye ncha husaidia kwa njia mbili. Husukuma pembeni kidogo kuliko la duara, na mjenzi anaweza kufunika nafasi pana na nafasi nyembamba huku vilele vyake vikiwa sawa, jambo ambalo tao la duara haliruhusu.

Mpaka wa mbinu hii uko Beauvais, kaskazini mwa Ufaransa. Walianza mwaka 1225 na kupandisha dari mita 48, juu kuliko kanisa lolote la Kigothiki. Mwaka 1284 sehemu ya dari ikaanguka. Wakaongeza nguzo katikati ya zile za zamani, na hadi leo unaziona zikiwa zimebanana. Badala ya kujenga ukumbi wa waumini, ambao ungeyakinga makutano ya msalaba (pale mikono ya jengo inapokutana) kutoka magharibi, waliamua kupandisha mnara. Ulikamilika mwaka 1569 ukiwa na mita 153, ukaanguka tarehe 30 Aprili 1573, sikukuu ya Kupaa, waumini wakiwa wamekwisha kutoka kwa maandamano. Ukumbi haukujengwa kamwe. Mahali pake pamesimama kikanisa cha karne ya 10 ambacho walikusudia kukibomoa. Katika miaka ya 1960 vyuma vilivyounganisha miega viliondolewa kwa sababu vilionekana vibaya, jengo likaanza kuyumba kwa upepo, vikarudishwa haraka. Kwa maoni yetu, anayeweza kutembelea kanisa moja tu la Ufaransa ili aelewe ujenzi, aende Beauvais kabla ya Paris.

Wells, Uingereza, walipata njia nyingine. Mnara wa kati ulipoongezwa, nguzo zikaanza kuzama na kuta kupasuka. Kati ya 1338 na 1348 wakaingiza matao makubwa yaliyopandana, moja limesimama na jingine limepinduliwa juu yake. Wageni wengi hupiga picha wakidhani ni urembo.

Walipandishaje mawe bila kreni?

Kreni walikuwa nazo. Ilikuwa gurudumu kubwa la mbao ambalo watu walitembea ndani yake. Mhimili wake ulivuta kamba iliyopita kwenye kapi. Winchi ya mbao ya aina hiyo ingali juu ndani ya mnara wa kanisa kuu la Salisbury, Uingereza. Pale Köln, Ujerumani, kreni ya zama za kati ilibaki juu ya mnara wa kusini ambao haukwisha kwa takriban miaka 400, ikawa alama ya mji: kazi ilianza mwaka 1248, ikasimama katika karne ya 16, ikaendelea mwaka 1842 na kwisha 1880.

Mpangilio wa kazi ulikuwa hivi. Mwashi mkuu alichora umbo la jiwe kwa ukubwa wake halisi juu ya sakafu ya lipu (sakafu kama hizo zipo York na Wells), akakata kigezo cha ubao, kigezo kikapelekwa machimboni. Jiwe lilichongwa huko huko, maana usafiri ulikuwa ghali na hakuna aliyetaka kulipia makombo. Kuta zilipofika juu, kenchi na paa vilitangulia, dari la mawe likafuata chini yake pasipo mvua. Mbavu zilijengwa juu ya kalibu ya mbao, jiwe la kufungia likaingizwa kileleni, kisha nafasi kati ya mbavu zikajazwa. Kalibu ilihamishiwa sehemu inayofuata. Majira ya baridi kazi ya kuta ilisimama, na vichwa vya kuta vikafunikwa kwa majani na samadi, kwa sababu mota mbichi ikiganda hupasuka.

Matundu ya mraba unayoyaona kwenye kuta nyingi ni ya boriti za majukwaa ya mafundi. Majukwaa hayo yaliua na kulemaza. William wa Sens, aliyejenga upya upande wa mashariki wa Canterbury baada ya moto wa 1174, alianguka kutoka juu mwaka 1178 akashindwa kuendelea. Kazi ikachukuliwa na William mwingine, Mwingereza.

Kwa nini mafundi wa ukarabati hawataki kusikia habari za saruji?

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ataelewa upesi, maana nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zimejengwa kwa chokaa ya matumbawe, na kemia yake ni ile ile. Chokaa ni laini na hupitisha unyevu. Maji yaliyoingia ukutani hutoka kupitia mota, chumvi hujikusanya kwenye mota, na inayooza ni mota, ambayo hubadilishwa kwa urahisi. Ukijaza viungo kwa saruji, maji hukosa njia, hutokea kwenye jiwe, chumvi huumuka ndani yake na uso wa jiwe hubanduka. Baada ya miaka kadhaa utakuta mistari ya saruji imetokeza huku mawe yamebonyea. Katika nchi za baridi maji hayo hayo huganda ndani ya jiwe, na uharibifu huongezeka.

Kazi sahihi ya kujaza viungo huenda hivi: toa mota mbovu kwa mkono, si kwa mashine ya kukata, kwa kina cha angalau mara mbili ya upana wa kiungo, osha vumbi, lowesha, shindilia mota ya chokaa moja kwa mchanga mkali mbili na nusu hadi tatu kwa ujazo, funika kwa magunia yenye maji kwa siku kadhaa. Usifanye kazi hiyo joto likiwa chini ya nyuzi 5. Kosa la kawaida ni haraka. Chokaa huwa ngumu kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ikikauka kabla ya kuivuta hubaki unga.

Misingi yake ni imara kiasi gani?

Mara nyingi si imara hata kidogo. Salisbury lilijengwa kati ya 1220 na 1258 juu ya changarawe, msingi ukiwa na kina kisichozidi mita moja na kitu. Baadaye ukaongezwa mnara na ncha yake, mita 123 kutoka ardhini na takriban tani 6,500 ambazo hazikuwamo kwenye hesabu ya mwanzo. Simama makutanoni, tazama nguzo kuu za mawe kutoka chini hadi juu: zimepinda, waziwazi. Msanifu majengo Christopher Wren alipima kwa timazi mwaka 1668 akakuta ncha imeinama kama sentimita 75.

Kisa cha kanisa kuu la Winchester, Uingereza, kinashangaza zaidi. Upande wa mashariki ulisimama juu ya magogo yaliyolazwa katika udongo wa mboji wenye maji. Mwanzoni mwa karne ya 20 kuta zilikuwa zikizama na kupasuka. Mafundi walipochimba kutafuta ardhi ngumu, maji yakajaa, kina cha kama mita sita. Kuyapampu kungeondoa udongo chini ya kuta na kuliangusha jengo. Kwa hiyo akaletwa mpiga mbizi, William Walker, aliyefanya kazi kuanzia 1906 hadi 1911 katika maji meusi yasiyopitisha mwanga, akipapasa kwa mikono na kupanga mifuko ya zege sakafuni mwa mashimo. Mifuko ikiziba, maji yakavutwa salama, ndipo waashi wakajenga msingi mpya. Hesabu ya vifaa ni mifuko 25,800 ya zege, matofali ya zege 114,900 na ya udongo 900,000. Chumba cha chini ya kanisa bado hujaa maji majira ya baridi.

Ni kweli kwamba vioo vya kale ni vinene chini kwa sababu kioo hutiririka?

Hapana. Kioo cha zama za kati kilipulizwa kwa mdomo, na kipande kilitoka na unene usiolingana. Fundi alikiweka alivyotaka. Kinachoviua vioo hivyo ni maji. Vilitengenezwa kwa mchanga na majivu ya miti, na potasi ya majivu huyeyuka taratibu kwenye unyevu, ikiacha vishimo vidogo na ukungu mweupe. Siku hizi huwekwa kioo kingine kisicho na rangi upande wa nje, na nafasi ya hewa katikati. Pasipo hewa kupita, umande hujikusanya ndani na dawa inakuwa sumu.

Rangi yenyewe iko ndani ya kioo: kobalti kwa buluu, shaba kwa nyekundu. Nyekundu ya shaba ilikuwa nzito mno, kwa hiyo walipaka tabaka jembamba lake juu ya kioo cheupe kikiwa moto. Rangi ya manjano iliyochorwa kwa fedha ilianza kuenea mwanzoni mwa karne ya 14. Ukiiona kwenye dirisha linalodaiwa kuwa la mwaka 1200, uliza maswali.

Makanisa ya mbao ya Norwei yameishije miaka 800?

Yale yaliyochimbiwa nguzo ardhini hayakuishi, yalioza yote. Yaliyobaki, yapatayo 28, yamekaa juu ya boriti zilizolazwa juu ya mawe, zikaepuka udongo. Urnes ni la karibu mwaka 1130, Borgund la mwishoni mwa karne hiyo. Mbao zake ni za msonobari uliokomaa, na nje hupakwa lami ya msonobari kila baada ya miaka kadhaa. Ndiyo sababu huonekana meusi na kunuka moshi. Adui aliyebaki ni moto. Kanisa la Fantoft, karibu na Bergen, lilichomwa kwa makusudi mwaka 1992, na linaloonekana leo ni jengo jipya.

Notre-Dame ya Paris iliponaje mwaka 2019?

Iliokolewa na dari lake la mawe na miega yake, pamoja na wazimamoto waliopanda minarani. Tarehe 15 Aprili paa la mwaloni liliwaka lote, madini ya risasi yaliyolifunika yakayeyuka, na ncha ya msanifu Viollet-le-Duc, ya karne ya 19, ikaanguka na kutoboa dari. Sehemu kubwa ya dari ilizuia moto usifike chini. Hatari iliyofuata ilikuwa jukwaa la chuma lililokuwa limezunguka ncha kwa ajili ya ukarabati. Mabomba yake yapatayo 40,000 yalishikana kwa joto, na yangeanguka yangevunja kilichobaki. Yalikatwa moja moja.

Paa lilirudishwa kwa mwaloni uliochongwa kwa shoka kama zamani, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Wapo waliotaka chuma au zege. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: paa la Chartres liliungua mwaka 1836 likarudishwa kwa chuma, na la Reims, lililoharibiwa vitani 1914, lilirudishwa na Henri Deneux kwa vipande vidogo vya zege. Yote mawili yanafanya kazi vizuri.

Kuta zilikuwa nyeupe hivi tangu mwanzo?

La. Nyingi zilikuwa na picha na rangi, hata sanamu za nje kama za Amiens. Nchi za Waprotestanti zilipaka chokaa juu ya picha, na katika Nchi za Chini (Uholanzi na Ubelgiji za leo) sanamu zilivunjwa kwa wingi mwaka 1566. Wakati mwingine chokaa hiyo ndiyo iliyozihifadhi.

Je, mitindo hii ilifika kwetu?

Mfano ulio karibu ni Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Zanzibar. Lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, chini ya Askofu Edward Steere. Umbo ni basilika, madirisha yana ncha ya Kigothiki, mawe ni ya matumbawe, na dari ni tao moja refu kama pipa lililokatwa kati.

Nikienda, nianzie wapi?

Nje. Zunguka jengo zima kwanza ukihesabu miega na kutafuta mishono, kisha ingia. Beba darubini ndogo. Mambo mengi mazuri yako juu mita 20. Vioo vya kusini vitazame mchana, vya magharibi jioni. Nchini Italia funika mabega na magoti. Makanisa madogo ya Italia na Ufaransa hufungwa saa za mchana, na wakati wa misa watalii huzuiwa. Ratiba hubandikwa mlangoni. Kama unapanda juu, Köln ni ngazi 533, Ulm 768, kuba la Florence 463, na hakuna lifti ya wageni katika yote matatu. Kuba la Florence hutaka tiketi yenye saa maalumu, inunue mapema. Njia yake hupita kati ya magamba mawili ya matofali aliyoyajenga Brunelleschi kati ya 1420 na 1436, na ukutani utaona matofali yaliyosimamishwa wima kila baada ya hatua chache. Ndiyo yaliyoshika safu zisiteleze mota ikiwa bado mbichi, maana kalibu haikuwapo.